Sauti ya Tatu

Babu Jumberi alisikiliza hadi mwisho,
akafungua mkanda wa kiti, akaufunga tena,
akauliza: "Na mimi niko wapi?"

Tulikuwa tumetoka Kutaisi, arusini, twarudi Oni
na Opel ya mjomba, isiyopenda milima.
Simu yangu juu ya dashibodi, redio mbele yake,
wimbo unaruka katikati bila waya.
Mezani waliimba watu watatu.
Kwenye spika walifika wawili.

Nikamweleza: blututhi, babu, ni hamali mwenye haraka.
Mpe kabati alipeleke ng'ambo, atalivunjavunja lipate kubebeka,
milango atafikisha, droo ataziacha njiani.
"Kwa hiyo mimi ni droo."
Kiti cha nyuma, Bibi Tsiala akacheka kwa pua.

Tkibuli tukanunua waya, lari kumi na mbili,
muuzaji akiapa kwa watakatifu wote.
Tukachomeka. Sauti ikanenepa kidogo,
lakini ndani yake akaingia mbu:
nikikanyaga mafuta, anapanda juu,
nikiachia, anashuka, mwaminifu kama mdeni mwema.
Ni altaneta, nikasema, umeme wa gari unavuja wimboni.
"Huyo naye hakualikwa," babu akasema.
Nikachomoa chaja ya simu. Mbu akafa.

Sasa nikawa na ari.
Simu nikaipandisha karibu na kileleni,
redio nikaishusha katikati,
maana redio ikipewa mnong'ono iukuze,
hukuza na vumbi lililo juu ya mnong'ono.
Vile vitufe vya mjomba, besi kumi na moja, ukali tisa,
nikavirudisha vyote kwenye sifuri,
kama mtu anayefuta rangi kwenye mdomo wa mtoto.
Bado babu hayupo.

Nikampigia Nodari, aliyerekodi.
Ulinitumia kwa ujumbe, nikamwambia,
na wimbo ukitumwa kwa ujumbe hufika umekonda, macho tu na mifupa.
Nipe ule wenyewe, mzito, kama ulivyozaliwa.
Ukashuka polepole, asilimia kwa asilimia,
tumesimama kando ya bwawa la Shaori, bibi akimenya mayai.

Halafu mlango. Kila besi ikigusa, mlango unajibu: tra-ra-ra.
Bibi akatia mkono mfukoni mwa mlango,
akatoa risiti, kijiko, kokwa moja la jozi la mwaka gani sijui.
Akalipasua kwa meno, akala.
Kimya.

Zima injini, babu akaamuru.
Nikazima. Vioo juu, feni chini.
Nikabonyeza.

Akaja.
Kwanza pumzi yake, kiti kikilia chini ya uzito wake,
glasi ikitua mezani,
kisha ile sauti ya chini, pana kama sakafu,
na wale wawili wakasimama juu yake.
Babu akafumba macho.
Ubeti wa pili, sakafu ikateleza.
Kidogo. Upana wa kucha.
Wale wa juu wakajikaza, wakamsubiri,
akafika, amechelewa, anashuka pale walipopanda.
Redio haikuficha chochote.
Hata kijiko kilichoanguka jikoni kilisikika.

Alikaa kitambo.
"Yule ni Otari," akasema.
Otari alikuwa Batumi usiku ule, mgonjwa wa nyongo.
"Miaka arobaini na mitatu," bibi akasema, akifuta magamba ya mayai mapajani,
"namwambia ubeti wa pili anazama. Asante, waya."

Betri nayo ikawa imechoka kutusikiliza.
Tukasukuma, babu kwa bega, bibi kwa maneno,
Opel ikakohoa, ikashika.

"Rudisha ile ya hewani," akasema tulipoanza kuteremka.
Nikachomoa waya.
Wakaja wale wawili, wembamba, wamening'inia bila chini,
na babu akavuta pumzi, mkono juu ya mlango uliokoma kulia,
akajaza pengo mwenyewe, hadi Ambrolauri na kuipita,
akizama ubeti wa pili kila mara,
na bibi nyuma akimvuta juu kwa kidole.